Dole gumba kwenye daftari la mahudhurio

Andiko letu la kwanza la kumwomba mfadhili ruzuku ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika lilikuwa na kurasa 38 na lilianza na dunia nzima. Tulitaja mamia ya mamilioni ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, tukasema theluthi mbili yao ni wanawake, tukaitaja Septemba 8, siku ya kisomo ambayo UNESCO inaiadhimisha tangu 1967, tukamalizia na Malengo ya Maendeleo Endelevu, namba 4, kipengele cha sita. Kikundi chetu chenyewe kilijitokeza ukurasa wa 17.

Barua ya kukataliwa ilikuwa na mistari mitatu, ya adabu, isiyosema kitu. Nikapiga simu kuuliza tumekosea wapi. Sikujua kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, na tangu siku hiyo sijawahi kukataliwa nikanyamaza. Ofisa wa miradi aliyepokea alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Ndugu mratibu, hizo takwimu tunazo hapa ofisini, kila andiko linatuletea. Tulichokikosa ni ninyi. Leo jioni mna wanakisomo wangapi?"

Nikakosa jibu. Nilijua tuna madarasa mawili, kwamba wako wanaokuja na wako wanaokuja wakipenda. Lakini leo jioni, wangapi? Daftari la mahudhurio lilikuwepo, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi kuliko mingine.

Miezi sita iliyofuata hatukuandika andiko lolote. Tulijaza daftari. Nani kaja, nani hakuja, na kama tunajua sababu, sababu gani. Kazi hiyo haikuhitaji fedha ya mtu, na ndiyo iliyotupatia fedha. Andiko la pili lilikuwa na kurasa 11 na lilianza hivi: "Jumanne iliyopita walikuja wanakisomo 19, wanawake 16 na wanaume watatu. Wanne hawakuja. Wawili kati yao tunajua kwa nini." Tukapita mchujo wa kwanza, tukapita wa pili, tukaitwa kusaini mkataba.

Hapo ndipo tulipoingia katika kosa letu kubwa zaidi, na lilitokana na kusoma vizuri.

Katibu wetu ni msomaji, na wakati ule alikuwa ameshikwa na vitabu vya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyebuni mbinu ya kufundisha watu wazima kusoma. Alitusimulia kisa cha Angicos, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Brazil, ambako mwaka 1963 wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa takriban saa 40. Saa 40! Tukapiga hesabu: sisi tukifundisha jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni, saa 40 zinaisha kabla mwezi wa pili haujakwisha. Kwa hiyo katika andiko tukaahidi, tena tukijiona wanyenyekevu, madarasa sita, wanakisomo 120, na wote wawe wanasoma na kuandika ifikapo mwezi wa tisa wa mradi.

Hatukusoma mpaka mwisho. Kabla ya somo la kwanza, wenzetu wa Angicos walizunguka kwanza kukusanya maneno ya watu wenyewe, ya kazi zao na nyumba zao, ndipo wakachagua machache ya kuyakata silabi kwa silabi. Walimu wao walikuwa vijana wa chuo waliopikwa kwa ajili ya kazi ile. Na jambo ambalo mwombaji yeyote wa ruzuku angepaswa kulipigia mstari: Angicos nayo ililipiwa na mfadhili. Fedha zilitoka katika mpango wa misaada wa Marekani kwa nchi za Amerika ya Kilatini. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali ya Brazil, mpango wa kusambaza kisomo nchi nzima ukafutwa, Freire akawekwa kizuizini kisha akaenda uhamishoni. Sisi tulichukua saa 40 peke yake tukaziacha habari nyingine zote.

Makaratasi sitayasema sana. Katiba ya kikundi, cheti cha usajili, akaunti yenye watia saini watatu, taarifa za benki, mihtasari ya vikao. Yanachosha lakini hayana fumbo, na asiyekuwa nayo aanze nayo. Nitataja moja tu. Mfadhili alitaka tuchangie asilimia 20 ya gharama, tukadhani ndiyo mwisho wetu, maana hazina yetu haikufika hata asilimia mbili. Kumbe chumba tunachoazimwa bure kinahesabika, mabenchi yanahesabika, saa za watu wanaojitolea zinahesabika. Ila kila saa utakayoiandika idai karatasi yake na saini siku ile ile. Kumbukumbu za saa zilizokusanywa mwishoni mwa mwaka huonekana wazi kwamba zimekusanywa mwishoni mwa mwaka: wino mmoja, mwandiko mmoja, usiku mmoja.

Bajeti ndiyo iliyotutoa jasho. Tulitaka kuonekana tunajua kubana matumizi, kwa hiyo wawezeshaji, yaani wanaofundisha madarasa, tukawaandika kuwa watu wa kujitolea kabisa, hata nauli hatukuwawekea. Bajeti ikawa nyembamba, ya kupendeza, na ifikapo mwezi wa tatu wawezeshaji wawili kati ya sita walikuwa wamepata vibarua vya jioni vyenye malipo, wakaaga kwa heshima zote. Hakuna mfadhili aliyewahi kutusifu kwa ubahili ule. Wakati wa mazungumzo ya mkataba tungeweza kupata kifungu cha posho kwa kukiomba tu. Nilijua baadaye kwamba waliokuwa wakisoma andiko letu walishangaa kutokukiona.

Na miwani.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele tangu siku ya kwanza. Mwezi wa pili ulipofika mwezeshaji wake alikuwa ameshamwandika kwenye ripoti ya ndani: mzito kushika. Neno "maji" lilikuwa ubaoni wiki tatu na mzee hakulipata. Nilipokwenda kutembelea darasa nikamwona anavyoshika kitabu: anakisogeza mbele, anakisogeza tena, mpaka mkono ukaisha. Kitabu kikawa mbali na macho kadiri mkono wake ulivyoweza, na bado anakunja uso. Mwezeshaji wa darasa la jirani alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Nikamwomba aivue kidogo.

Mzee akaivaa. Akatazama ukurasa. Hakusema neno kwa muda, kisha akaanza: ma, ji, maji. Akaenda la chini yake. Akaenda la tatu. Kisha akauacha ukurasa akaanza kusoma kila kilichokuwa karibu naye: maandishi ya boksi la chaki, jina la kikundi kwenye jalada la daftari, namba kwenye rula. Darasa zima limenyamaza. Akageuka akanitazama juu ya miwani, akasema, "Kumbe nilikuwa najua." Kumrudishia mwenyewe miwani yake ikawa kazi nyingine.

Jambo hili halina siri ya kitabibu. Mtu akishafika miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na vya karibu huanza kumpotea. Sisi tulikuwa tumeandika mradi wa watu wazima, tukanunua vitabu, kalamu, chaki na taa, tukasahau kwamba watu wazima wana macho ya watu wazima. Kwenye shule ya watoto kosa hilo lingesameheka.

Mkataba uliruhusu kuhamisha hadi asilimia 10 ya fedha ya kifungu cha bajeti bila kuomba ruhusa, lakini miwani haikuwa na kifungu chochote, hivyo tukaandika barua. Likaja jibu la swali: miwani inahusianaje na kisomo? Naomba niwe mkweli, nilikasirika. Katibu akanizuia kujibu siku hiyo. Kesho yake tulituma nakala za kurasa za daftari, tukiwa tumezungushia majina ya walioacha darasa na kuandika umri pembeni. Ruhusa ilikuja ndani ya wiki, kwa sharti kwamba fedha itoke kwenye kifungu cha vifaa vya kuandikia. Tukanunua madaftari machache, tukanunua miwani.

Sasa daftari lenyewe. Masharti ya mfadhili yalisema kila kipindi kiwe na orodha ya mahudhurio yenye saini ya kila mshiriki, na asiyeweza kusaini aweke dole gumba. Ni sharti la kawaida, liko kwenye karibu kila ruzuku niliyoiona, na lina maana yake: fedha ya watu lazima iwe na ushahidi. Tukanunua pedi sita za wino, moja kwa kila darasa. Kila jioni, kabla ya somo, watu wanapanga foleni mezani, dole gumba kwenye wino, dole gumba kwenye karatasi, kisha kipande cha kitambaa cha kujifutia. Kitambaa chenyewe baada ya wiki moja kilikuwa kinapaka kuliko kufuta.

Wiki ya tatu mama mmoja wa makamo aliacha kuja. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amesafiri. Nilimfuata kwake. Akanikaribisha vizuri, tukazungumza habari za watoto, na nilipouliza ndipo aliponionyesha kidole. Kilikuwa na alama ya samawati iliyokolea pembeni mwa ukucha. "Mwalimu," akasema, "dole gumba naweka kila penye karatasi. Nikipokea fedha, dole gumba. Nikimpeleka mtoto hospitali, dole gumba. Nimekuja kwenu niache kuweka dole gumba, na ninyi mnanichovya kila jioni."

Nilikuwa nimesaini mkataba wenye kurasa 22 na hakuna hata moja iliyonifanya nikose usingizi. Ila usiku huo nililala nikiwaza kidole kile.

Tulichofanya ni kidogo. Somo la kwanza la kila mwanakisomo mpya likawa herufi moja, ile ya kwanza ya jina lake, iwe ndiyo alama yake kwenye orodha. Tukamwomba ofisa wa miradi atukubalie herufi mahali pa dole gumba, mwezeshaji awe shahidi kwa saini yake mwisho wa ukurasa. Akakubali kwa simu. Tukamwomba aiandike, akaiandika. (Omba iandikwe. Maofisa huhamishwa, na anayekuja baada yake hakusikia simu yenu.) Pedi za wino tukaziweka kabatini. Yule mama akarudi, akakaa karibu na mlango.

Ukafika mwezi wa nne, mvua zikaanza, na madarasa yakaanza kukauka. Kutoka 120 tukashuka hadi 81, kisha 60, kisha jioni moja nikajumlisha madarasa yote sita nikapata 47. Ripoti ya nusu mwaka ilikuwa inakaribia, na awamu ya pili ya fedha ilitegemea ripoti hiyo. Mkataba ulisema mahudhurio yasipungue asilimia 75.

Katika kikao cha kamati, mwenzetu mmoja akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo wote tulikuwa tumeshaliwaza. Alama ni herufi moja tu. Nani atajua? Sitajifanya kwamba tulimkemea. Tulikaa kimya muda mrefu, na katika kimya kile mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu ni herufi ngapi zingehitajika. Aliyetuokoa ni mweka hazina, na wala hakutumia maadili. Alisema: "Mkijaza majina hewa, mwaka kesho itabidi muwafundishe hao hao hewa, na muwanunulie miwani." Tukacheka, na kishawishi kikapita pamoja na kicheko.

Tukaandika 47. Lakini hatukutaka kupeleka namba tupu, kwa hiyo kabla ya kuandika tukawauliza wenyewe. Kuna mbinu inayoitwa REFLECT, ambayo shirika la ActionAid liliijaribu kati ya 1993 na 1995 nchini Uganda, Bangladesh na El Salvador: darasa halianzi na kitabu, linaanza na ramani na kalenda ambazo wanakisomo wanazichora wao, mara nyingi chini kwenye udongo. Tukawaita wote, waliobaki na walioacha, Jumapili moja. Tukachora mstari mrefu uwanjani kwa kijiti, tukaugawa miezi 12, tukawapa mawe. Weka mawe mengi mwezi wenye kazi nyingi, machache mwezi wenye nafasi.

Waliweka, wakabishana, wakahamisha mawe ya wenzao, wanawake wakawaambia wanaume kwamba ule mwezi mnaouita wa mapumziko ni wenu ninyi. Mwisho nikasimama juu ya benchi kutazama. Mradi wetu wa miezi tisa ulikuwa umelala juu ya marundo makubwa kuliko yote. Tulikuwa tumeanza siku fedha ilipoingia benki, na fedha iliingia kwa kalenda ya mfadhili, ambayo mwaka wake unaanza anapotaka yeye. Miezi mitatu yenye mawe machache ilikuwa nje kabisa ya mkataba.

Nikaipiga picha kalenda ile ya mawe, tukaiambatanisha kwenye ripoti pamoja na ile 47, tukaomba mambo mawili: madarasa yasimame miezi miwili ya mawe mengi, na mradi uongezwe muda bila kuongezewa fedha. Awamu ya pili ilichelewa wiki tisa. Wiki tisa hizo zilikuwa mbaya. Tuliokuwa na chochote tulikopesha kikundi, na mwezeshaji mmoja zaidi aliondoka. Kisha fedha ikaja, pamoja na barua ya kuongeza miezi mitano. Darasa lilipofunguliwa tena walirudi 88. Hawakurudi 120, na hawakurudi kamwe. Idadi ile ilikuwa ndoto ya saa 40.

Kuhusu mtihani niseme kwa kifupi. Kiashiria tulichokuwa tumeahidi kilikuwa "wanakisomo wanaojua kusoma na kuandika", na hakuna aliyekuwa amefafanua kujua maana yake nini. Mfadhili akapendekeza mtihani wa maswali ya kuchagua. Siku ya majaribio nusu ya darasa hawakufika, na watu waliokuwa wakisoma vizuri wiki iliyopita walitetemeka mbele ya karatasi. Tukaenda kwenye maana ambayo UNESCO iliikubali mwaka 1958: mtu anajua kusoma na kuandika ikiwa anaweza kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na rahisi yanayohusu maisha yake ya kila siku. Hiyo unaweza kuipima kwa barua. Kuba walifanya hivyo katika kampeni yao ya 1961, ambapo watu zaidi ya 700,000 walifundishwa ndani ya mwaka mmoja: aliyehitimu aliandika barua kwa kiongozi wao, Fidel Castro. Sisi tukasema kila mtu amwandikie amtakaye. Walioweza walikuwa 61. Mzee wa miwani alimwandikia yule mwezeshaji aliyemwazima, sentensi nne, moja ikiwa ya kumkumbusha kwamba rangi ya fremu yake ilikuwa nzuri kuliko ya zile tulizonunua.

Karibu na mwisho wa mradi mfadhili akaleta mkaguzi. Kijana makini, mpole, aliyeomba meza pembeni na akakataa hata chai mpaka amalize. Alipitia risiti, akapitia taarifa za benki, akapitia hati za malipo ya nauli ambazo kufikia wakati ule tulikuwa tumejifunza kuziandaa. Kisha akafungua daftari la mahudhurio, na baada ya kama nusu saa akaniita.

"Ndugu mratibu, hapa pana tatizo."

Alikuwa ameweka vikaratasi kwenye kurasa nne. Jina lile lile, mstari wa saba. Mwezi wa pili, alama ilikuwa herufi moja, M, iliyolala kama mtu mgonjwa. Mwezi wa tatu, M na herufi mbili zaidi, kila moja na ukubwa wake. Baada ya mapumziko ya mvua, jina zima kwa herufi kubwa zilizogandamizwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Na mwezi uliopita, mwandiko wa kuunganisha, wa haraka, na chini yake mstari uliopinda kama saini ya mkurugenzi. Jina moja, saini nne. Mkaguzi hakusema neno kughushi, lakini lilikuwa limekaa mezani pamoja nasi.

Nilianza kueleza, kisha nikaacha. Mwenyewe alikuwa benchi la karibu na mlango, anasubiri somo lianze. Nikamwita. Mkaguzi akasimama kumpisha kiti, akamsogezea karatasi tupu na kalamu, akamwomba kwa heshima aweke saini yake kama iliyomo humu.

Mama akalivuta daftari kwake. Akafunua kurasa moja moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo, mpaka akafika kwenye ile M. Akaitazama sana.

"Unataka ipi, mwanangu?" akamuuliza. "Maana hii ya kwanza sidhani kama naiweza tena."